UZI: Kubadilisha pedi na diski za breki nyumbani (Toyota IST, Vitz na ndugu zake), kazi yenyewe iko kwenye pini na habu

#1 Spana17 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani haupiti muda bila mtu kuandika kwamba kabadilisha pedi za mbele, gari ikatulia kidogo, kisha kelele zikarudi au usukani ukaanza kutetemeka akikanyaga breki. Wengi wanalaumu pedi feki. Feki zipo na nitazigusia, lakini mara nyingi pedi haina kosa. Za zamani zilitolewa, mpya zikachomekwa, kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ikafungwa, na hakuna aliyegusa pini wala kusafisha habu (kitako ambacho diski na tairi hufungwa). Kuchomoa na kuchomeka anaweza yeyote mwenye spana. Usafi na kulainisha ndiko kazi ilipo, na mtu anayefanya nyumbani kwake Jumamosi bila foleni ya wateja ana nafasi ya kuifanya vizuri.

Mfano wangu ni IST ya zamani, kwa sababu ndiyo imejaa mitaani: diski mbele, ngoma nyuma. Vitz, Spacio, Corolla na nyingine nyingi za rika hilo mpangilio wa mbele ni ule ule, kalipa yenye pistoni moja inayoteleza juu ya pini mbili. Leo naongelea mbele tu. Ngoma zina mambo yake, zinastahili uzi wake.

Kwanza, hakikisha muda umefika. Pedi mpya ina nyama, yaani sehemu inayosugua diski, ya kama milimita 10. Ikibaki 3, anza kutafuta nyingine. Ikibaki 1, usiendelee kutembelea. Ukisikia mlio mwembamba mkali unaobadilika ukikanyaga breki, hicho ni kibati kilichowekwa kwenye pedi makusudi kiguse diski nyama ikiisha. Ukisikia mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, pedi imekwisha kabisa na diski inaliwa.

Kuhusu diski, usikubali kuambiwa "bado nzima" kwa kuangaliwa tu. Kila diski ina maandishi yaliyochapwa pembeni au kwenye kofia yake, MIN TH au MIN THK, halafu namba ya milimita. Huo ndio unene wa mwisho unaoruhusiwa. Ukipima kwa venia ya kawaida ukingoni utadanganyika, maana ukingo wa nje hausuguliwi na pedi, unabaki mnene kama ulivyotoka kiwandani. Weka sarafu mbili zinazofanana, moja kila upande pale pedi inaposugua, pima vyote kwa pamoja, kisha toa unene wa sarafu zote mbili. Au tumia maikromita kama unayo. Ikiwa imefika kwenye namba ile au chini yake, inatupwa. Ikiwa juu yake kidogo tu na unaweka pedi mpya, nunua diski pia, kwa sababu pedi hizo zitaimaliza kabla zenyewe hazijaisha.

Vifaa: jeki, stendi mbili za chuma, spana ya nati za tairi namba 21, soketi 14 na 17, brashi ya waya, msasa, kopo la dawa ya kusafishia breki, grisi maalumu ya breki, klampu, waya mgumu, na mafuta ya kulegeza kutu.

Tafuta sakafu ngumu. Kwenye mchanga jeki inazama upande mmoja na gari inaweza kuteleza, kwa hiyo kama uwanja ni wa mchanga weka ubao mpana mnene chini ya jeki na chini ya stendi. Hendibreki ivutwe, gia iwe P, na mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi za nyuma. Tofali la saruji lisitumike badala ya stendi. Linabeba uzito vizuri mpaka linapopasuka, na linapasuka ghafla bila kukuonya. Sina utani kabisa na hili. Tairi uliyoitoa ilaze chini ya kizingiti cha gari, iwe kinga ya pili.

Legeza nati za tairi gari ikiwa chini, ndipo uinue. Fanya upande mmoja hadi uishe, ule wa pili uuache umefungwa ili uwe na pa kutazamia. Piga picha kabla hujagusa kitu, uone kibati cha mlio kimekaa juu au chini, na pedi ipi iko ndani.

Kalipa inashikwa na bolti mbili namba 14. Ukifungua, pini huzunguka pamoja na bolti; ishike kwa spana nyingine nyembamba. Kalipa ikitoka, ining'inize kwa waya kwenye springi. Usiiache ibebwe na mpira wa breki (bomba linalopitisha mafuta ya breki), mpira huo huchanika kwa ndani usione kitu, halafu baadaye ukakuletea balaa.

Hapo ndipo pa kutulia. Vuta kila pini kwa mkono. Pini nzima hutoka kwa ulaini, na ukiirudisha inasukumwa taratibu na hewa iliyo ndani. Iliyoganda utaijua: hutoka kwa kuzungushwa na kuvutwa, grisi yake imekauka kuwa kama lami ya kahawia, na kuna pete ya kutu pale ilipokaa muda mrefu. Pini moja ikiganda kalipa haiwezi kuteleza, hivyo pedi ya ndani inabeba kazi yote. Ndiyo maana unakuta ya ndani imebaki chuma na ya nje ina nyama nusu. Safisha pini na tundu lake mpaka ving'ae, paka grisi ya breki safu nyembamba, kagua mipira ya kuzuia vumbi. Grisi ya kawaida ya bearing usiiweke, inavimbisha mipira na pini inaganda upya. Angalia pia kama kuna pini yenye kipira kwenye ncha. Irudi kwenye tundu lake lile lile, usizibadilishe nafasi.

Kisha breketi, kile kiunzi kinachoshika kalipa na pedi, bolti mbili namba 17 kwa nyuma. Hizi zimekazwa sana. Tumia mpini mrefu, na uwe umejiweka mahali ambapo bolti ikiachia ghafla hujigongi. Breketi ina vibati vya chuma cha pua ambamo masikio ya pedi hukaa. Vitoe, kwangua kutu iliyo chini yake mpaka chuma kionekane, weka vipya kama vimekuja na pedi. Pedi inapaswa kuingia kwa kidole. Ukilazimika kugonga kwa nyundo ndipo iingie, basi haitarudi nyuma ukiachia breki.

Diski ikigoma kutoka, itazame usoni: Toyota nyingi zimetobolewa matundu mawili yenye uzi, ya bolti ya M8. Ingiza bolti mbili, kaza kwa zamu kidogo kidogo, diski itasukumwa yenyewe.

Sasa habu. Isugue kwa brashi na msasa, hasa kuzunguka mizizi ya bolti za tairi. Punje ya kutu ikibaki nyuma ya diski mpya, diski inakaa imeinama kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Kwa gari ndogo za Toyota kuyumba kwa diski kunakoruhusiwa kwa kawaida ni milimita 0.05 tu. Siku za kwanza hutasikia kitu. Lakini kila mzunguko sehemu ile ile inagusa pedi, inaliwa au kupakwa nyama ya pedi isivyo sawa, na baada ya kilomita elfu kadhaa usukani unatetemeka. Watu wanasema "diski imepinda kwa joto". Mara nyingi haijapinda, unene wake umetofautiana, na chanzo ni uchafu wa siku ya kuifunga.

Diski mpya ina mafuta ya kuzuia kutu. Ioshe pande zote kwa dawa ya breki, au kwa maji na sabuni kisha uikaushe kabisa. Baada ya hapo usiishike usoni kwa mikono yenye grisi.

Kurudisha pistoni: weka pedi ya zamani juu yake, kaza klampu polepole huku ukitazama kikopo cha mafuta ya breki chini ya boneti, maana yanapanda. Yakikaribia kufurika, yanyonye kwa bomba la sindano. Yakimwagikia rangi ya gari, mwagia maji mengi papo hapo, yanaila rangi.

Funga vyote. Bolti za kalipa ni kama Nm 34 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa Toyota nyingi ndogo, nati za tairi Nm 103, kwa mpangilio wa kuvuka katikati, si kwa kuzunguka. Za breketi ni zaidi ya Nm 100, angalia kitabu cha gari yako.

KABLA hujawasha kuondoka, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Pistoni ulizirudisha ndani, mkanyago wa kwanza unazama mpaka sakafuni na breki haishiki. Ukitoka kwa rivasi kabla ya hapo, utasimamishwa na ukuta au na mtu.

Mwisho, pasha pedi. Barabara isiyo na magari, nenda 60, punguza hadi 10 au 15 kwa breki ya wastani bila kusimama kabisa, rudia mara kumi hivi, kisha endesha bila kugusa breki mpaka zipoe. Usisimame na kushikilia pedali diski zikiwa moto, pedi itaacha alama yake hapo.

Naomba kuwasilisha. Maswali yanakaribishwa.

#2 Mdau wa Tabata

Mkuu, umeshiba maarifa. Sasa feki tunazijuaje? Pale kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar, unaambiwa "hii orijino" na kila duka.

#3 Spana17

Mdau, anza na namba ya chesisi, usiende na jina la gari tu. "Pedi za IST" siyo maelezo ya kutosha. Namba ya chesisi inakupa namba ya spea, na kwa Toyota pedi za mbele huanza na 04465, za nyuma 04466, diski za mbele 43512. Linganisha na iliyoandikwa kwenye boksi na kwenye pedi yenyewe.

Halafu shika pedi mkononi. Nyama iwe imeshikana na bati kote, bila ufa wala mwanya pembeni. Pedi mbili za seti moja zilingane unene. Masikio yasiwe na rangi nene iliyoganda matone matone. Kampuni kama ADVICS na Akebono zinaiuzia Toyota kiwandani, kwa hiyo ukipata boksi lao halali huna haja ya boksi lenye nembo ya Toyota. Chukua risiti, na mwambie muuzaji mapema kwamba zisipoingia utazirudisha.

#4 Gereji Ilala

Mimi ni fundi na kazi hii nimeifanya sana. Mleta uzi kaeleza vizuri, lakini kwenye kurudisha pistoni natofautiana naye. Mimi nafungua nati ya kutolea upepo (hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki) pale kwenye kalipa, navalisha mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa, ndipo nasukuma. Mafuta yaliyokaa kwenye kalipa ndiyo machafu kuliko yote, yana maji na vumbi la mpira. Ya nini kuyarudisha juu kwenye ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisigande ukikanyaga breki) na silinda mama inayosukumwa na pedali?

Jambo la pili, vumbi. Vijana wetu wanapiga upepo wa kompresa kwenye breki mpaka gereji nzima inakuwa ukungu. Pedi za bei ya kutupa huwezi kujua zina nini, na asbesto ikiingia kwenye mapafu haitoki. Lowesha kwanza kwa dawa au maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, tupa. Vaa barakoa.

#5 Spana17

Fundi, shikamoo. La vumbi nimelipokea lote, lingestahili kuwa kwenye posti ya kwanza.

La kufungua nati ya upepo, hoja yako ni ya kweli na kwa fundi mzoefu ndiyo njia bora. Nimelikwepa kwa anayefanya mara ya kwanza. Akichelewa kufunga, hewa inaingia, na hana msaidizi wala hajui kutoa upepo. Nati yenyewe ikiwa na kutu inakatika kichwa, na ametoka kwenye kazi ya pedi kaingia kwenye kununua kalipa. Kwa huyo nasema asukume polepole, kisha apange kubadilisha mafuta yote ya breki kwa fundi kama wewe.

#6 Mama Nuru

Habari zenu. Nina Vitz. Nikitoka Morogoro nikafika kwenye 80 nikikanyaga breki usukani unacheza, nikiachia unatulia. Pedi zilibadilishwa mwaka huu. Pia rimu ya kushoto mbele ina vumbi jeusi kuliko ya kulia na ukisogeza mkono karibu inachoma. Nianzie wapi?

#7 Spana17

Dada, umenipa dalili nzuri sana. Usukani kucheza wakati wa breki tu kunaelekeza kwenye diski za mbele. Ungekuwa unacheza hata bila breki ningesema mizani ya tairi. Joto na vumbi upande mmoja ni kwamba breki ya kushoto haiachii.

Toa tairi ya kushoto, linganisha pedi ya ndani na ya nje. Kama moja imeisha kuliko nyingine, au imeliwa kwa mshazari kama kabari, vuta pini. Kama pini zote mbili ni laini, jaribu pistoni. Ikigoma kurudi kwa klampu, fungua nati ya upepo kidogo ujaribu tena. Ikirudi kwa urahisi sasa, mpira wa breki umeziba kwa ndani. Ikigoma bado, pistoni ina kutu. Usiendelee kuitembelea mpaka uione.

#8 Mkaazi wa Mazizini

Sisi huku Unguja, na nadhani Tanga na Mombasa ni yale yale, upepo wa bahari unatumaliza. Diski inang'ang'ania habu utadhani imechomelewa. Zile bolti za M8 zinasaidia, ila kama matundu yameliwa na kutu uzi haushiki. Mimi humwagia mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia, kwenye mduara wa katikati na kwenye kila bolti ya tairi. Asubuhi nagonga kwa nyundo kwenye kofia, katikati ya bolti, huku nikizungusha. Kama diski inatupwa naigonga popote. Kama inarudi siigusi usoni.

Gari ikiegeshwa siku mbili tatu na mvua, diski zinakuwa na kutu ya rangi ya chungwa. Hiyo isikutishe, inafutika kwa breki za mwanzo. Ya kutisha ni ile iliyochimba vishimo.

#9 Dereva Mstaafu

Vijana, nawaheshimu, lakini breki siyo sehemu ya kujifunzia. Betri au plagi nitakubali. Breki mpeni fundi. Ukikosea, anayeumia ni mtoto anayevuka barabara.

#10 Spana17

Mzee wangu, shikamoo. Hofu yako ni ya haki na sitaki yeyote aipuuze. Asiye na stendi, asiyejua kukaza bolti ipasavyo, au anayeona mafuta yakivuja asijue yanatoka wapi, asiguse.

Ila hata anayempelekea fundi anafaidika akijua. Simama pale, omba kuona pini zikitolewa, omba kuona habu ikisafishwa, uliza unene wa diski kwa milimita. Fundi mwema hachukii hilo. Gari nyingi zinatoka gereji na pini kavu kwa sababu mwenye gari hakujua kwamba zipo.

#11 Msambaa Halisi

Naongezea la mafuta ya breki. Kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo ni kona juu ya kona, na unashuka karibu mita elfu moja. Wageni wanashuka na gia ya D mguu ukiwa kwenye breki mwanzo mwisho. Katikati ya njia unasikia harufu kali, pedali inaanza kuwa laini kama sponji. Pedi zinaweza kuwa mpya kabisa.

#12 Gereji Ilala

Hapo mafuta yamechemka. DOT ni daraja la mafuta ya breki. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, lakini yanavuta unyevu hewani, na yakishakunywa maji kiwango kinashuka hadi 140 hivi. DOT 4 ni 230, na 155 yakizeeka. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika, kwa hiyo mguu unazama bila nguvu kufika kwenye pistoni. Badilisha kila miaka 2. DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika, DOT 5 ya silikoni usichanganye kamwe. Na kopo likishakaa wazi muda mrefu, tupa.

Mlimani weka gia ya L, 2 au B kulingana na gari, injini ikushikilie. Kitonga, Sekenke, kote ni hivyo hivyo.

#13 Mkaazi wa Ngong

Salamu kutoka Nairobi. Huku wengi tuko na Aqua na Prius. Hii njia inafanya kazi kwa haibridi (gari za injini na umeme)?

#14 Spana17

Karibu sana. Chuma ni kile kile, ila kuna hatari moja ya ziada. Breki za haibridi za Toyota zina pampu ya umeme inayojiandaa yenyewe, hata ukifungua mlango tu au ukikanyaga pedali gari ikiwa imezimwa. Ikijaza presha wakati kalipa iko nje, pistoni inasukumwa na vidole vyako vikiwa hapo. Fuata utaratibu wa kitabu cha gari hiyo wa kuzima mfumo wa breki, ufunguo uwe mbali, mlango usifunguliwe. Na kutoa upepo kwenye breki hizo kunahitaji mashine ya kusomea gari, kwa hiyo nati ya upepo usiiguse kabisa nyumbani.

Vilevile gari yoyote yenye hendibreki ya kitufe, pistoni za nyuma hazirudishwi kwa klampu mpaka iwekwe kwenye hali ya matengenezo. Ukilazimisha unavunja mota.

#15 Mama Nuru

Nimerudi na majibu. Kaka yangu amefungua kushoto. Pedi ya nje iko nzima, ya ndani imebaki kama ganda la yai. Pini ya juu ilitoka vizuri, ya chini ilikataa kabisa mpaka tukaipiga mafuta na kuizungusha kwa muda. Mpira wake wa vumbi umechanika, ndani kuna tope. Diski tumepima kwa njia ya sarafu, iko chini ya namba iliyoandikwa. Nimeagiza diski mbili, pedi, na kile kifurushi cha mipira ya pini. Swali langu: diski ya kulia bado ina unene. Nibadilishe ya kushoto pekee?

#16 Spana17

Hongera dada, na mpe kaka salamu. Hapana, badilisha zote mbili, pamoja na pedi za pande zote. Diski mpya upande mmoja na iliyochakaa upande wa pili hazishiki sawa, na ukikanyaga breki ya ghafla kwenye lami yenye maji gari inavuta upande. Kama pini ya chini imechimbika na kutu, nunua pini pia, mpira mpya juu ya pini yenye mashimo utachanika tena. Na upande wa kulia usiache kuzitoa pini zake, umri wake ni ule ule.

#17 Mama Nuru

Sawa kaka, nitafanya hivyo. Nati za tairi nikishazikaza zinahitaji kuangaliwa tena?

#18 Gereji Ilala

Ndiyo. Ukishatembea kati ya kilomita 50 na 100 zikaze upya kwa kipimo kile kile, gari ikiwa imepoa. Ukiwa hapo chungulia nyuma ya kila tairi kama kuna unyevu, na tazama kikopo cha mafuta ya breki kama kimeshuka.